Mhunzi na Mbwa wa Mwanawe

Mhunzi alikuwa akifua sururu mwanawe alipoingia karakanani, shati la arusi limelowa damu.

"Mke wangu," kijana alisema. "Mbwa amemrarua koo, pale mlangoni."

"Mbwa gani?"

Kijana alitazama chini. Mbwa alikuwa wake mwenyewe. Alimlea kwa njaa na fimbo ili awe mkali wa kulinda nyumba. Mwezi uliopita mbwa huyo alimuua kitinda mimba wa mhunzi, mtoto aliyekuwa bado anajifunza kuhesabu.

"Uliniapia umemuua," mhunzi alisema.

"Nilimfungulia, baba. Nilishindwa. Alinilamba mkono."

"Ukamwonea huruma. Na mdogo wako je, yeye hakuwa na ulimi?"

Kijana alilia. Mzee alitia kipande kipya cha chuma motoni. "Shika nyundo kubwa. Tunafua mkuki."

Kazi yao ilikuwa na sheria moja: baba hugonga kwa nyundo ndogo, na pale alipogonga mwana hupiga kwa nyundo kubwa, bila kuuliza. Waligonga na kupiga. Katikati ya mapigo mzee aliomba kwa sauti ya chini, "Ee Mungu, usimpe mwanangu moyo wa maji leo."

Mkuki haujapata ncha, mbwa akaingia, damu hadi masikioni. Hakunguruma. Alilala miguuni pa kijana, mkia ukipigapiga vumbi.

"Baba, nitampeleka mbali, safari hii kweli."

"Maneno matupu hayavunji mfupa."

Mzee alipiga magoti, akagonga fuvu la mbwa kwa nyundo ndogo. Mbwa akageuka, akauma mkono wake wa kushoto. Mifupa ikalia. Mzee hakuuvuta. Kwa mkono wa kulia akagonga tena, palepale.

Kijana akapiga. Akapiga tena na tena, fuvu likasagika, naye hakuacha.

"Basi, mwanangu," mzee alisema. Akalaza paji la uso juu ya fuawe, chuma cha kufulia, kama mtu anayesali.

Kijana alingoja amalize. Alingoja neno lolote, hata matusi. Alipomgusa bega, mzee alianguka ubavu, macho wazi. Jeraha la mkono halikuwa la kuua mtu; moyo ndio uliosimama.

Majirani walipokuja kumwita kijana akamzike mkewe, walimkuta amemkumbatia maiti wa baba yake, nyundo kubwa mapajani.

"Gonga, baba," alikuwa akisema. "Gonga nijue pa kupiga."