Ndege Hawafi Kwenye TV Nyembamba

Kaleli alifyatua risasi hadi kidole kikamuuma, na hakuna ndege hata mmoja aliyeanguka.

Walikuwa kwa dada yake Mwongeli, Ruiru, mbele ya TV nyembamba iliyojaza ukuta. Kaleli alikuwa ameupata mchezo wao wa utotoni chini ya nguo kuukuu: kidude cha game, waya zake na bunduki ya plastiki ya kulengea ndege wa kwenye TV. Enzi zile walikuwa wakicheza kwa jirani, Mwongeli ndiye aliyekuwa akimshinda kila mara, na hakuwahi kunyamaza. Hata kwenye harusi ya Kaleli alilitaja jambo hilo kwa maikrofoni. Sasa Kaleli alikuwa na mvi, na alitaka kitu kimoja tu: amshinde dada yake, hata mara moja, kabla macho hayajamwisha.

"Wewe hata ndege akilala utamkosa," Mwongeli alisema, akicheka huku ameshika mbavu.

"Piga wewe basi."

Mwongeli akapiga. Akakosa wote. Akaitazama bunduki kama imemtusi.

Kesho yake Kaleli alimpelekea fundi Ndung'u wa Thika ile bunduki. Ndung'u hakuifungua hata. Bunduki ni nzima, alisema; ina jicho mdomoni linalotafuta mwanga pale ulipolenga. TV nene za zamani huchora picha papo hapo. Hizi nyembamba huipika kwanza ndipo ziipakue, na bunduki haingoji. Akamjaribishia TV nene ya rangi ya fedha, iliyokuwa ya matajiri zamani. Ndege waliruka zao salama.

"Hii nayo imesoma sana," Ndung'u akasema. "Inaipamba picha kabla ya kuitoa. Tafuta TV jinga kabisa."

Kaleli alijua ilipo. Ilikuwa kwa mwaitu, yaani mama yao, huko Makongeni: TV ndogo, nene, yenye kitambaa cha kufuma juu. Jumamosi wakakutana hapo, wakaunganisha waya. Kaleli akalenga, akafyatua.

Wapi.

"Labda ni wewe tu," Mwongeli akasema.

Kaleli akasogea hadi pua ikagusa kioo. Ghafla akaanza kucheka, akaishia kukaa sakafuni. Kioo kilikuwa bado kimevaa nailoni ya bluu iliyotoka nayo dukani, ikiufunika mwanga ambao bunduki ilikuwa ikiutafuta. Mwaitu hakuwahi kuitoa, kama ambavyo hajawahi kuvua nailoni ya viti wala ya rimoti. Watoto wake walikua wakidhani watu wote wanaosoma habari wana nyuso za bluu.

"Mwaitu, tunaitoa hii."

"Mkiitoa TV itazeeka."

"Imeshazeeka."

"Na haina mkwaruzo. Ya Mwongeli ina alama za vidole kama mlango wa choo."

Kaleli, mzee mzima, akapiga magoti kwenye zulia. "Mwaitu, nakuomba. Huyu amenicheka tangu nikiwa na kaptula."

Mama akainuka, akasema, "Ondokeni hapo, mtaichana." Akaingiza ukucha kwenye kona, akavuta polepole. Nailoni ikatoka kwa mlio mtamu sana, hata Mwongeli akaomba amalizie kipande cha mwisho. Mwanga mweupe ukajaa sebule.

Kaleli akafyatua. Ndege akaanguka kama gunia.

Kelele alizopiga zilimleta jirani mlangoni na mwiko mkononi. Wakapokezana bunduki, Mwongeli akiangusha, Kaleli akiangusha, mama akiwaambia warudi nyuma wasije wakaingia ndani ya kioo. Walikuwa sawasawa kwa alama Mwongeli alipokosa mmoja, ndege mnene aliyepita katikati kabisa. Kaleli akamwangusha wake.

"Nimesukumwa," Mwongeli akasema.

"Na nani?"

"Na upepo. Leta tena."

Kaleli alikuwa tayari ameshachomoa waya, anauzungusha kiganjani taratibu.

"Tena gani? Mimi nimeacha huu mchezo."

"Kaleli."

"Nimestaafu, dada."

Mwongeli akavua viatu. Kaleli akaona hatari, akatoka mbio na bunduki, na jirani akawapisha mlangoni.