Gazeti Kavu

Mzee Amarjit hakuwa mtu wa kuiachia mashine kazi ambayo mikono inaiweza. Tangu Nakuru alikozaliwa mpaka kwenye gereji yake ya Digbeth huku ughaibuni, valvu za injini alizisaga vilevile: anapaka dawa ya kusagia, anabandika kijiti chenye mpira wa kunyonya, kisha anakipekecha kati ya viganja kama mtu anayetafuta moto. Mara saba, ananyanyua, anageuza kidogo, mara saba tena. Jioni anakilaza kichwa cha injini chali, anajaza mafuta ya taa juu ya valvu na kutandika gazeti chini. Gazeti likiamka kavu, valvu zimeziba sawasawa. Likilowa, kazi bado.

Na lilikuwa kavu kila asubuhi, ingawa mzee ana miaka sabini na sita na kikombe cha chai kimeanza kumtetemekea mkononi. Wanawe walimsihi afunge gereji. Aliwapigia simu kuwatambia gazeti lake, akafurahi kupita kiasi.

Siku moja mkwewe alikuwa na shifti ya mapema hospitalini, akamshusha Digbeth kabla ya saa moja. Taa zilikuwa zimewashwa. Chepkoech, fundi aliyemwajiri miaka minne iliyopita, alikuwa ameinamia kichwa cha injini, kijiti viganjani. Kando yake gazeti la jana lilikuwa limelowa chapachapa, na jingine kavu likisubiri kutandikwa mahali pake.

"Tangu lini?" Amarjit akauliza.

Chepkoech alishtuka. "Tangu Diwali, Mzee. Sorry. Sikutaka ukuwe stressed."

"Zote?"

"Si zote." Akainamisha macho. "Nyingi."

Iliuma, tena sana. Mzee aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawakumbuka wanawe na simu zile zote za majigambo. Maneno ya kumfukuza yalikuwa yameshamfika mdomoni. Lakini valvu haiachwi njiani.

"Maliza hiyo kwanza," akasema kwa ukali.

Chepkoech akaendelea kupekecha, akihesabu kwa sauti ya chini: "Ik, do, tin, char…" Alipofika saba akanyanyua, akageuza kidogo, akaanza upya.

Amarjit alimtazama. Hivyo ndivyo baba yake alivyohesabu kule Nakuru, na yeye baada yake. Katika watoto wake watatu hakuna aliyewahi kujifunza.

"Unahesabu Kipunjabi," akamwambia.

"Ai! Si ndivyo inahesabiwanga?"

Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Jioni ile Chepkoech alisaga valvu zilizobaki mbele yake. Amarjit alitandika gazeti na kumwaga mafuta ya taa, mengine yakamwagika mezani, Chepkoech akayapangusa.

Kesho yake alikuja na basi lake la kawaida. Alichungulia chini, akampigia simu mwanawe mkubwa.

"Gazeti ni kavu," akasema. "Amesaga Chepkoech."