Kimkono cha Choki

Kaka yangu hakuruhusu mtu aguse pikipiki yake. Hata mimi, niliyemfuata ziwa, nilikuwa abiria tu. Homa ilipomchukua kwa siku nne, pikipiki ikabaki stoo, na ufunguo wa kufuli nikauvaa shingoni kwa uzi. Wiki ya tatu baada ya mazishi nikaanza kuiendesha kwenda kazini. Sikuwa na shida ya usafiri. Nilitaka kushika usukani pale palipolainishwa na viganja vyake.

Asubuhi ya kwanza nilikikuta kimkono cha choki, pembeni mwa kabureta, kiko juu. Kwa pikipiki za aina ile, juu ndiyo choki: hewa inabanwa, petroli inazidi, injini baridi inapata kuwaka. Ikishapata moto, unakishusha. Nikapiga kiki, ikawaka kwa kusitasita, nikakishusha. Sijafika barabarani, moshi mweusi ukaanza kunifuata, harufu ya petroli ikaniingia mpaka kwenye nywele. Ilizima mara mbili njiani.

Jioni niliporudi kimkono kilikuwa chini. Nikafunga stoo. Asubuhi kilikuwa juu.

Nikajiambia nimesahau. Jioni iliyofuata nikakigusa kwa kidole na kusema kwa sauti, "Chini." Asubuhi kilikuwa juu. Stoo ile haina dirisha. Nikamuuliza mama.

"Mwanangu, mlango ule mimi hata sijaukaribia," alisema, akaendelea kukunja shati lilelile alilolikunja jana.

Jumanne injini ilizima katikati ya njia panda, lori likasimama hatua mbili kutoka gotini mwangu. Baba alizipata habari kabla sijafika nyumbani, maana habari hazina breki.

"Ijumaa mtu wa vyuma chakavu anakuja kuichukua," alisema. "Nimezika mmoja. Chuma hakitanizikisha wa pili."

Alhamisi nikaisukuma hadi gereji ya Fundi Masikio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa huisikiliza injini kabla ya kumsikiliza mwenye nayo. Baba akanifuata nyuma.

Fundi aliiwasha, akakunja pua. "Dada, hii inakunywa kama shemeji mlevi kwenye harusi."

"Itapona?"

"Mgonjwa hasemi uongo. Anayemleta ndiye husema."

Akafungua plagi. Ilikuwa nyeusi tii, masizi makavu kama kitako cha sufuria. "Petroli nyingi, hewa kidogo," alisema. Akatoa chujio la hewa: safi. Akafungua kabureta: boya halikutoboka, petroli ilisimama pake, jeti na sindano zilikuwa za saizi yake. Akaosha, akafunga, akaweka plagi mpya, akawasha. Moshi uleule.

"Masikio leo yameziba!" mteja mmoja akapiga kelele, wenzake wakacheka.

Fundi akainama. Akavua mpira wa hewa, akamulika tochi kwenye koo la kabureta.

"Shusha kimkono, dada."

Nikashusha.

"Pandisha. Haya, shusha tena." Akainuka taratibu. "Hiki nani alikifunga?"

"Kaka. Cha mwanzo kilivunjika."

"Basi alikifunga kinyume. Ukishusha, kibati kinaziba hewa. Ukipandisha, kinafungua. Mwenyewe alijua, akazoea. Bila shaka alikuwa haazimi mtu."

"Alikuwa haazimi."

"Wewe ungekiacha juu tu, ingekwenda kama saa."

"Kila asubuhi nakikuta juu," nikasema.

"Si kwa sababu jioni unakiacha juu?"

"Nakiacha chini. Na stoo nafunga mwenyewe."

Fundi akamtazama baba. Baba akautazama uzi shingoni mwangu. Wale waliokuwa wakicheka wakakumbuka kazi zao.

"Naweza kukigeuza kiwe kama cha watu wote," fundi akasema kwa sauti ndogo. "Au nikiache, maadam sasa unajua."

Nilitaka kusema akiache. Kila asubuhi nilikuwa naonyeshwa mahali pa sawa, nami kila asubuhi nikapakataa. Ningeweza kuamka miaka yote kwa ajili ya kimkono kile.

"Kigeuzwe, nayo inabaki nyumbani," baba akasema. "La sivyo kesho inakwenda. Siku jirani akiichukua kumkimbiza mgonjwa, nani atamwambia?" Akaugusa usukani pale palipolainika. "Yeye hawezi kumwambia kila mtu."

Nikaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kazi ya nati moja. Injini ikaunguruma laini, bila moshi, na fundi akapangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Jioni ile nikashusha kimkono, nikafunga stoo. Asubuhi kilikuwa chini. Mtu wa vyuma chakavu alikuja, baba akamrudisha langoni. Jumamosi, chini. Jumapili nikakiacha juu kwa makusudi, mahali ambapo sasa ndipo pa kosa, nikalala nimeushika ufunguo.

Asubuhi kilikuwa juu.

Nikakaa sakafuni kando ya tairi mpaka mama aliponiita. Kisha nikakishusha mwenyewe. Huu ni mwezi wa pili. Pikipiki inawaka kwa kiki moja, hata mdogo wetu anaiendesha, na kimkono kinakaa palepale tunapokiacha.