Hapa Hakuna Anayeacha Shule

Ozella Tarpley alianzia safu ya karibu na mlango, kama alivyofanya kila asubuhi. Aligusa kipanya cha kompyuta ya kwanza. Kioo kikaamka, taa ndogo ya kijani ikawaka kando ya jina.

"Amka, Keosha," alisema.

Akasogea cha pili. "Na wewe, Demarius, leo usinichoshe."

Hakuna aliyeitika, maana hapakuwa na mtu. Palikuwa na viti thelathini, kompyuta thelathini, na majina thelathini yanayong'aa katika chumba ambacho madirisha yake yalizibwa kwa mbao tangu kimbunga kilipoyavunja. Mwenye pumzi mle ndani alikuwa mmoja, mwanamke wa makamo mwenye magoti mabovu, akipita katikati ya viti kama mama anayewafunika wanawe shuka.

Kompyuta isipoguswa kwa dakika kumi hudhani mwanafunzi amesinzia, ikamtoa. Anayetolewa hahesabiwi, na asiyehesabiwa jimbo halimlipii. Ndivyo ilivyosema Sheria ya Kiti Kilichojaa, ambayo bunge la jimbo liliipitisha kwa makofi ili watoto wa Delta, bonde la mashamba na mabwawa ya kambare, walioacha shule warudi darasani. Mwanzoni walirudi kweli. Walikuwa kumi na wawili, wakawa saba, wakawa watatu. Mwalimu waliyeletewa alipata kazi mjini Memphis, akaondoka na vitabu vyake, na wale watatu nao wakaacha kuja. Majina ndiyo yaliyobaki, na mengine yakaongezwa juu yake.

"Waguseguse tu," mkuu wa shule alikuwa amemwambia Ozella, "mpaka tupate mwalimu mwingine."

Masomo yalijiendea. Ukibonyeza jibu la kosa mara tatu, mashine yenyewe ilikuonyesha lililo sahihi na kukupa alama zake. Ozella alibonyeza. Watoto thelathini walikuwa wakifaulu kwa kidole chake kimoja.

Kiti cha kumi na tisa alikigusa bila kusema neno. Jina kwenye kioo lilikuwa Travion Tarpley, mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Saa hiyo Ozella alijua Travion yuko kiwandani, amevaa buti nyeupe za mpira, akikata vichwa vya kambare. Kwa mujibu wa kioo alikuwa amekaa hapa tangu saa mbili akisoma aljebra, na alama zake zilikuwa tisini na nne kwa mia. Ozella hakuwahi kumwambia.

Mlango ukafunguka kwa teke. Bwana Haskew, mkuu wa shule, aliingia amekumbatia boksi kubwa la nguo walizosahau watoto, akalitua chini.

"Bi Ozella! Wageni saa tano. Koti moja kila kiti. Na vikombe vya soda, viwe nusu nusu. Wakiuliza, watoto wameenda kula."

"Wote thelathini?"

"Watoto wana njaa, bana." Alicheka peke yake. "Seneta Dunaway ndiye mama wa hii sheria. Anakuja na mpiga picha. Akitoka hapa ameridhika, tunapata mwaka mwingine. Asiporidhika, mimi na wewe tutaonana kiwandani, tumeshika visu."

Akatoka. Ozella alianza kuvisha viti. Makoti yalikuwa baridi, na kila moja lilitoa harufu ya mtu: mafuta ya nywele, moshi wa kuni, pipi. Aliinua moja la buluu, akalitambua. Lilikuwa la msichana waliyemzika Agosti, aliyegongwa na treni ya mizigo. Alilikunja polepole, akalirudisha chini kabisa ya boksi, na kiti kile akakivisha sweta la mtu mwingine.

Alipomaliza alikwenda hadi mlangoni atazame kazi yake. Nywele zikamsimama. Mabega yote mle ndani yalikuwa yamempa mgongo, yameinamia vioo, na hakuna hata moja lililogeuka.

"Ma'mkubwa."

Ozella alipiga kelele.

"Ni mimi," alisema Travion. Alikuwa amesimama nyuma yake kwenye korido, buti mkononi, ananuka samaki na klorini. "Mbona unanitazama kama umeona mzuka?"

"Yesu wangu! Na kazini je?"

"Nimeomba ruhusa. Nimefeli tena ule mtihani wa mafundi mitambo. Sehemu, Ma'mkubwa. Tatu ya nane jumlisha moja ya sita. Fundi mkuu kanicheka mpaka kashika ukuta, kaniambia rudi kwenye vichwa. Na unajua Jody wa zamu yetu kaacha vidole kwenye ule msumeno wiki iliyopita. Hata mkanda wa samaki haukusimama." Alijitazama mikono. "Chuoni, ng'ambo ya reli, kuna darasa la watu wazima. Lina mwalimu, mwalimu kabisa mwenye chaki. Mwisho wa kujiandikisha ni leo saa kumi. Nimeenda. Wamenikatalia."

"Kwa nini?"

"Kwa umri wangu, lazima niwe nimetoka shule kwanza. Nikawaambia nilitoka Septemba. Yule dada wa mapokezi akanigeuzia kompyuta yake. 'Upo shule,' anasema. 'Upo darasani hivi sasa. Na aljebra unaiweza.' Wakacheka. Nikacheka na mimi. Halafu nikaona jina ni langu."

Alimpita Ozella, akaingia. Alitembea katikati ya makoti bila kuyagusa, mabega ameyabana, mpaka akafika kiti cha kumi na tisa. Alikaa taratibu, kama mtu anayekalia maji.

"Huyu ni nani, Ma'mkubwa?"

"Ni mkono wangu," alisema Ozella. "Nilidhani... ukibaki humu, japo jina, siku moja utarudi."

Travion hakumgombeza. Alitazama safu moja, akatazama nyingine.

"Kiwandani ukishavikata vile vichwa," alisema, "vinaendelea kufungua midomo. Vimo kwenye beseni, mwili haupo, na bado vinafungua na kufunga kama vina neno. Sikupenda kukuhadithia. Sasa naona mwenzangu unavyo vyako."

Ozella alimwacha pale, akaenda ofisini.

Bi Nettie, karani wa shule, alikuwa ameimba naye kwaya moja tangu usichana wao. Aliposikia habari aliufunga mlango, akafungua kompyuta.

"Njoo uone mwenyewe. Ili nimtoe, mashine inataka sababu. Zamani hapa palikuwa na 'ameacha shule'. Sheria ilipopita, neno lile likafutwa. Sasa unachagua: amehama jimbo, amefungwa, au amefariki."

"Hakuna nyingine?"

"Hakuna. Kuhama wanataka barua ya shule ya huko. Kufungwa, hati ya mahakama. Hili la mwisho," sauti yake ikashuka, "wanachukua neno la mlezi tu. Eti ni kuheshimu msiba."

"Usilitaje, Nettie!"

"Mimi nakusomea kilichoandikwa."

Bwana Haskew alitokea akifunga tai. Ozella akamsihi mara moja, kabla ujasiri haujamtoka. Amwachie Travion akasome kwingine. Jina moja tu.

"Bi Ozella, hapa hakuna anayeacha shule. Tumeliandika getini kwa herufi kubwa. Nikimtoa mmoja leo, na seneta yuko njiani? Mwezi wa tano atapewa cheti chake. Nani duniani anakataa cheti?"

"Anataka kujua sehemu."

"Sehemu za nini, na cheti anacho?" Aliuliza kwa dhati, kama anayetaka kuelewa. Kisha honi ikalia nje, akatoka mbio.

Ozella alirudi chumbani kabla yao. Travion alikuwa bado kwenye kiti. Alikuwa amefungua swali la sehemu, anaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, anafuta kwa mate, anaandika tena.

Seneta Dunaway aliingia polepole, mama wa nywele nyeupe na uso mpole. Upole wake haukuwa wa kuigiza, na hilo ndilo lililomtisha Ozella. Mama huyu aliamini.

"Wanangu wako wapi?"

"Wameenda kula," alisema Ozella.

Seneta alipita kati ya viti, akayapapasa makoti mabegani, moja baada ya jingine, kama mtu anayebariki. "Nawahisi," alisema kwa sauti ndogo. "Jamani, nawahisi humu ndani." Mpiga picha akapiga. Mwanga ulimulika, na kwa kitambo kile makoti yote yakawa na vivuli ukutani, vivuli visivyo na vichwa.

Akafika kwa Travion. Bwana Haskew alitoa macho.

"Wewe hukwenda kula, mwanangu?"

"Sina njaa, mama."

"Unasoma nini?"

"Sehemu. Zinanishinda."

"Zisikushinde." Aliushika mkono wake uliopasuka kwa klorini, hakujali harufu. "Niahidi kitu kimoja. Hutaacha shule."

Travion alimtazama Haskew, kisha akamrudia mama yule. "Wameniambia haiwezekani, mama."

Seneta alicheka, machozi yakamlengalenga, akamwambia mpiga picha amchukue akiwa hivyo hivyo. Jina hakumwuliza. Haskew akapumua, akawaongoza wageni kwenda kuonyeshwa ukumbi.

Ozella alisimama akizisikiliza zile mashine zikivuma. Taa ya Keosha ilikuwa inakaribia kuzimika. Mkono wake ulikwenda wenyewe, na aliutazama ukienda kama wa mtu mwingine. Akaurudisha.

"Chukua buti zako," alimwambia Travion. "Nisubiri kwenye korido."

Katika nyumba ya kina Tarpley mtu hakuruhusiwa kusema hata "nakufa na njaa". Mama yao aliamini neno likishatoka kinywani lina miguu. Mdogo wake alitania mara moja tu kuhusu kifo, akiwa amembeba Travion kiunoni, na mwaka haukuisha. Ozella aliyakumbuka hayo yote akiwa amesimama mbele ya meza ya Nettie, ameshika ukingo wake kwa mikono miwili.

"Andika."

"Niandike nini, Ozella? Lazima useme mwenyewe. Hapa pana sehemu ya maneno yako."

"Travion Tarpley..." Akajaribu tena. "Mtoto wangu Travion amefariki."

Nettie alibonyeza. Mashine haikuuliza lini, wala vipi, wala kazikwa wapi. Iliandika asante.

"Ametoka. Chuoni wakimtafuta wataona hayumo tu, sababu hawaonyeshwi," alisema Nettie. Wote wawili walisikiliza kama kuna kitu kitaanguka mahali. "Lakini nikiacha hivi, Haskew atamfufua kabla ya kengele ya jioni. Unajua desturi yetu. Mwanafunzi akifa, nasoma jina, shule nzima inasimama. Nikimsoma sasa, seneta akiwa ndani, hakuna wa kumrudisha. Mwezi wa tano, kwenye mahafali, watamwekea kiti kitupu na joho juu yake, basi."

"Watakufukuza."

"Na wewe utakuwa wa kwanza." Nettie alivuta kipaza sauti, akarekebisha kola kana kwamba watu walikuwa wakimwona. "Toka nje. Siwezi kumsoma nikikuangalia."

Ozella alitoka. Korido ilikuwa imejaa watoto wanaobadilisha vipindi. Mwisho wake, karibu na mlango wa kioo, seneta alikuwa akiagana na Haskew. Travion alisimama hatua chache kutoka kwao, ameegemea makabati, kofia kichwani, kiganja bado kimejaa tarakimu.

Sauti ya Nettie ilishuka kutoka kwenye dari, tulivu, ile ile ya kanisani. Aliwaomba wote wasimame walipo. Alisema shule imempoteza mmoja wake. Akalitaja jina, la kwanza na la ukoo, akalirudia.

Korido ikanyamaza. Kofia zilivuliwa. Wasichana wawili waliokuwa na soda mkononi walianza kulia, wakashikana. Hawakuwahi kumwona Travion maishani mwao. Ngozi ya uso wa Bwana Haskew ilibadilika rangi. Alimtazama kijana, akamtazama seneta, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Mwishowe aliinamisha kichwa.

Travion naye alivua kofia. Seneta alikuwa amesogea karibu naye, mabega yao yanagusana.

"Ulimjua, mwanangu?" alimnong'oneza.

"Kidogo tu, mama."

Alisubiri mpaka kimya kilipokwisha, kwa adabu, kama wengine. Kisha akausukuma mlango wa kioo.

Ozella alijua ni mchezo. Alijua kijana yule anakwenda ng'ambo ya reli, atafika kabla ya saa kumi, atakuta chaki na mtu wa kuishika. Alijua. Lakini kilio kilimjia kutoka chini kabisa, kilio cha msibani, na hakuweza kukizuia. Seneta akageuka, akamwona, akaelewa alivyoelewa, akaja na mikono wazi na kumkumbatia.

Ukungu wa mabwawa ya kambare ulikuwa umepanda mpaka uwanjani. Juu ya bega la yule mama, Ozella aliona buti nyeupe zikining'inia mkononi mwa Travion, kisha mgongo tu, kisha kitu cha kijivu kisicho na umbo. Hakugeuka nyuma.

Seneta alimbana zaidi kifuani, akamwambia sikioni kwamba jimbo zima liko pamoja naye.