Kondoo wa Ukurasa wa Arobaini

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kinyesi: punje saba nyeusi, bado zina uvuguvugu, kando ya kitabu kilichofunuliwa mezani. Msichana alizifagia, akaendelea kupanga viti.

Mwenye meza alikuwa mjomba wake, mhadhiri wa mashairi ya kale. Alimtoa msichana kwao akiwa darasa la tano, akamwahidi mama yake kwamba mtoto ataendelea na shule huku kwake. Sasa ulikuwa mwaka wa sita anadeki chumba cha vitabu na kumfunulia mjomba kurasa wakati wa kufundisha, maana ana mkono mwepesi na hana maneno.

Ukurasa wa arobaini ulikuwa na shairi la miaka mia saba, na pembeni mchoro wa mwanakondoo aliyefungwa kamba msalabani.

"Kamba ni nini?" mjomba aliwauliza wanafunzi.

"Dhambi," mmoja alijibu.

"Dhambi ya nani, wewe? Mwanakondoo ni Kristo! Kamba ni upendo. Kajifunga mwenyewe."

Mwanakondoo akalia palepale ukurasani.

"Kaanza tena huyu," mjomba alisema. "Mwanangu, funua mbele."

Msichana aliwahi kuchunga kondoo wa bibi yake. Aliona mguu umevimba chini ya fundo. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kudeki, alilifungua kwa ukucha. Mwanakondoo akashuka, akanywa maji ya ndoo, akatoka mlangoni akichechemea.

Mjomba aliutazama msalaba mtupu na kamba inayoning'inia, akafuta miwani.

"Kaburi tupu," alisema. "Ufufuko! Mshairi alitufichia mpaka leo."

Akaandika kitabu kizima, sifa zake zikavuma. Siku ya kukizindua, mzee mmoja aliyevaa joho aliuliza ni nani aliyefungua kamba.

"Malaika," mjomba alijibu, na malaika mwenyewe, kitambaa cha kudekia begani, akamshikia ukurasa usijikunje.

Wageni walipotawanyika, mjomba alimgusa msichana bega. "Shukuru Mungu, mwanangu. Hapa unapata elimu kuliko hao wanaokaa madarasani. Kesho uwahi, njiwa wa ukurasa wa sitini kachafua dirisha."

"Ndiyo, mjomba."

Mjomba akashuka ngazi akipiga mluzi. Alipofika chini kabisa, msichana, ufagio mkononi, alisema kwa sauti:

"Mjomba, ulimwahidi mama shule. Mimi darasa la sita bado nalitaka."