Sipo

Kwa uongo, mimi ni bingwa. Naweza kukudanganya ukiwa umenikazia macho, na ukaondoka unanishukuru. Hajazaliwa wa kunikamata. Nyumbani wananiita Redio, kwa sababu nikishawaka hakuna anayejua pa kunizimia. Lakini hata redio ina yake isiyoyatangaza.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa kinyume changu. Yeye alilipwa mshahara kwa kunyamaza. Alisoma hisabati, akahamia kwenye kompyuta, akaanzia benki akifunga taarifa za wateja zisisomwe njiani. Kisha akaacha benki na kiyoyozi chake, akaenda kwenye ofisi ya vyumba viwili yenye kazi ngumu zaidi: kupitisha ujumbe wa watu ambao ukisomwa na asiyehusika, wanaumia. Madaktari na wagonjwa wao. Waandishi wa habari. Wanawake waliokimbia waume wenye mikono mizito. Bibi, mama yake, alimuuliza hasa anafanya nini huko, naye akasema anauza bahasha ambazo hata anayezipeleka hawezi kuzifungua. Bibi akasema biashara ni nzuri, ila hizo bahasha mbona hazionekani.

Kazi ilimwingia mpaka mifupani. Kamera ya simu aliibandika plasta ya kidonda. Kiti chake kilitazama mlango, mgongo ukutani. Ukimpigia kumuuliza kama chumvi imekwisha, alikwambia hayo tutaongea ukifika. Na ukisimama getini ukaita, "Upo?", sauti yake ilitoka ndani kwa kelele: "Sipo." Ulikuwa utani wake tangu utotoni. Wageni wapya walisimama wakikuna vichwa. Sisi tuliingia tu.

Utani huo ndio aliouweka kwenye kompyuta yake ya kazi, chumbani kwake, ile iliyotunza funguo za siri za ujumbe wa wateja wake. Kila alasiri ilimuuliza, kwa sauti yake mwenyewe aliyoirekodi: "Upo?" Ikipita siku kadhaa bila jibu, inaelewa kwamba amefikwa na jambo. Inaharibu funguo zote, halafu inamwandikia kila mteja kwamba mhusika hayupo, aende kwa mwingine. Jibu sahihi lilikuwa "Sipo". Mwizi akiulizwa kama yupo ataandika "Nipo", na hapo hapo kila kitu kinajifunga na wateja wanaandikiwa, bila kungoja siku. Nilimwona akiandika siku nilipompelekea chai. Alinitazama kitambo, akasema, "Redio, ukilitangaza hili nakutoa betri."

Kisha akaumwa, ugonjwa usio na subira, tukamzika. Waliokuja kutupa pole wakaenda zao, viti vya kuazima vikarudishwa, nyumba ikabaki na mimi na Bibi. Mimi nimemaliza sekondari na kazi bado inanitafuta, kwa hiyo nilikuwa nyumbani alasiri ile. Bibi alikuwa anachambua mchele kwa vidole, maana macho yake yameingia ukungu. Kelele za msiba zilikuwa zimekwisha, na kutoka chumba cha Shangazi ikasikika sauti ya Shangazi.

"Upo?"

Vidole vya Bibi vikasimama juu ya ungo. Nikamwambia ni mashine tu, ngoja nikaizime. Nikaingia. Kitanda kimetandikwa. Miwani yake juu ya meza. Kiti kinautazama mlango, kwa hiyo kinanitazama mimi. Ikauliza tena. Nilikaa, na mikono yangu ikaenda yenyewe. Niliandika "Sipo".

"Haya," alisema Shangazi kwa furaha ileile. "Kazi iendelee."

Nilipotoka, Bibi aliuliza kama nimeizima. Nikamwambia imegoma, mpaka aje fundi. Fundi hakuja, maana hakuna aliyemwita.

Ikawa hivyo kila alasiri. Ukiniuliza kilichonitisha, si ile sauti. Ni lile neno. Zamani lilikuwa mzaha kwa sababu alikuwepo. Sasa lilikuwa kweli tupu, na ndiyo kweli hiyo iliyomfanya aendelee kuongea. Ningeandika "Nipo", ningemzika mara ya pili. Nikaanza kuona mambo. Kiti nilichokisukuma chini ya meza jana, leo nakikuta kimetoka, kinatazama mlango. Mto wa kiti una joto. Niliacha kukisukuma. Nilianza kuingia chumbani ubavuubavu, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa.

Bibi naye, alasiri ikikaribia, aliacha kila kitu akakaa kimya. Sauti ikisema kazi iendelee, aliitikia chini kwa chini, haya mwanangu. Nilimtania kwamba anaongea na waya. "Mume wangu," akanijibu, "mbona na wewe naongea nawe."

Ndipo alipokuja mwenzake wa ofisini. Shangazi alimbandika jina la Bwana Nukta tangu siku nukta moja aliyoisahau ilipolaza mfumo mzima. Alikuja alasiri, akakataa chai, akakaa ukingoni mwa kochi. Alisema Shangazi aliifunga kompyuta ile hata wao wasiweze kuingia, na walikuwa wanasubiri tu ijifunge yenyewe kama alivyopanga. Haijajifunga mpaka leo.

"Kuna mama anajificha na watoto wake," alisema. "Mume ameanza kumuulizia mtaa ule ule. Kila siku mama huyo anamwandikia marehemu, anaomba ahamishwe, anaambiwa ujumbe umepokelewa. Basi anangoja. Juzi alitupigia kwa simu ya dukani. Nikamwambia mwenzetu amefariki, akakata. Alifundishwa asimwamini mtu yeyote mpaka kompyuta yenyewe imwambie mhusika hayupo."

Nikauliza kwa nini asiichomoe tu waya. Akasema ikizimwa kwa nguvu, funguo zinapotea na taarifa haimfikii yule mama. Atangoja mpaka mume afike.

"Kuna mtu anaijibu," akasema. "Nani anaingia kule?"

Nikamkazia macho. Nilisema hakuna, hatuingii, mimi hata pa kuiwashia sipajui. Nikashusha sauti nikaongeza kwamba kile kiti huwa kinasogea chenyewe. Niliona akiniamini. Alisugua mikono, akautazama mlango wa chumba kama mtu aliyesikia hatua. Moyoni nikajipongeza.

"Upo?" Shangazi akauliza.

"Sipo," nikajibu. Kwa mdomo. Kwa kelele.

Bwana Nukta akanigeukia polepole. Nikamwambia nimekohoa.

"Usimsumbue kumuuliza," Bibi akasema. "Ni yeye. Mwanangu alikuwa anajibu mpaka majirani wanasikia. Huyu anaandika huku ananong'ona, kama mtoto anayeiba sukari. Nimemsikia tangu siku ya kwanza."

Nilimuuliza mbona hakusema.

"Ningesema, ungeacha. Nami nilitaka kumsikia." Akajifuta mikono kwenye nguo. "Mchana ukitoka, huwa naenda kukaa kwenye kiti chake. Basi. Lakini kuna mtoto wa mwenzangu anangoja, mume wangu. Twende ukamjibu."

Tuliingia wote watatu. Kiti kilimtazama Bwana Nukta, akasogea pembeni. Nikakaa. Ilikuwa tofauti ya herufi moja tu. Niliandika N, nikaifuta. Ikauliza tena, "Upo?", na nilisikia kicheko alichokizuia siku ile alipokuwa anarekodi, mwishoni mwa neno, ambacho sikuwahi kukisikia kabla. Bibi akaniwekea mkono begani. Nikaandika "Nipo".

Kisha Shangazi akasema, kwa sauti ya kazini, isiyo na mzaha hata chembe:

"Wewe siyo mimi."

Feni ya kompyuta ikapunguza pumzi, ikapunguza, ikasimama. Ilichukua muda kabla simu ya Bwana Nukta haijatetemeka mfukoni. Aliisoma, akapumua. "Yule mama ameelekezwa kwetu," akasema. "Ameshaandika alipo. Gari linakwenda kumchukua."

Nikasukuma kiti nyuma, nikacheka kidogo. "Ni mashine tu, Bibi," nikasema, kwa sauti yangu nzuri kabisa, ile isiyowahi kuniangusha. "Mimi wala haijanigusa."

Bibi akanyoosha mkono, akaupapasa uso wangu mpaka kidevuni. Akamwonyesha Bwana Nukta kiganja chake kilicholowa.

"Umemsikia?" akamuuliza.