Paka wa Swali la Nne

Jana mchana niliota. Najua ndoto inayoheshimika ni ya usiku. Hii yangu ilinikuta Jumapili saa nane, nimeshiba maharage, nimesinzia kitini na madaftari ya darasa la tatu mapajani. Msinicheke.

Daftari la juu lilikuwa la Kemilembe. Wiki iliyopita niliwapa watoto ufahamu wa shairi, ubeti mmoja tu:

*Paka wetu yu jikoni,*
*Ameketi kwa makini,*
*Atazama mlangoni,*
*Samaki yumo sahani.*

Swali la nne: Kwa nini paka ameketi jikoni? Mwongozo wa kusahihisha unasema: anataka samaki. Kemilembe akaandika: "Anamngoja bibi arudi." Nikampa kosa, jekundu, kubwa, la kuonekana kutoka barabarani.

"Bibi yuko wapi humu?" nikamuuliza mbele ya wenzake. "Mara ngapi nimewaambia jibu limo ndani ya shairi?"

Tangu siku hiyo mtoto hajafungua kinywa darasani. Nikimwita anasimama, ananitazama, anakaa. Na huyo ndiye aliyekuwa akinyoosha kidole kabla sijamaliza kuuliza. Roho iliniuma, lakini mwongozo ni mwongozo.

Basi, naota niko ndani ya shairi. Si mbali. Unapita mstari wa kwanza, unakata kushoto, jikoni hapo.

Kuna meza, sahani, samaki, na birika juu ya jiko. Paka ameketi sakafuni kwa makini.

"Karibu, Madam Byera," anasema samaki. "Mimi ndiye jibu."

"Nakufahamu," nasema.

"Mwaka wa kumi na moja huu niko kwenye mwongozo. Hakuna aliyewahi kunila."

"Pole."

"Si pole. Ni hongera."

Nampa hongera. Kisha namgeukia paka. "Nawe unamtaka samaki huyu?"

"Mimi? Huyo kaoza tangu ubeti uandikwe. Namngoja bibi."

"Bibi hayumo humu."

"Angekuwemo, ningemngoja wa nini?"

Miaka ishirini na mbili ya ualimu, leo nabwagwa na paka!

"Macho yangu yameelekea wapi?" akaniuliza.

"Mlangoni."

"Jibu kwa sentensi kamili."

"Katika mstari wa tatu, paka anatazama mlangoni."

"Vizuri. Kaa chini."

Nikakaa chini, nami nikautazama mlango. Mbao mbili nyekundu zilikuwa zimepigiliwa juu yake, zimepishana kutoka kona hadi kona. Rangi ile niliijua. Ni ya kalamu yangu.

"Hodi humu!" sauti ya mama mtu mzima ikaita kutoka nje. "Mimi bibi yake Kemilembe. Nimetoka hospitali kwa miguu, nafika nakuta mlango umepigwa kosa. Nani kafanya hivi?"

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka, kwa sababu nilijua. Shule nzima tulijua kwamba bibi amelazwa, wiki ya tatu hiyo, na kwamba mtoto analala kwa jirani. Mwongozo ndio haukujua. Mimi nilijua, na bado mkono wangu uliandika.

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, fungua."

Nashika ubao. Birika linakohoa.

"Haiwezekani," linasema, kwa sauti ile ile ya mwalimu wetu wa taaluma. "Kosa likishapigwa halifutwi. Andika barua, ipitie kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ikae."

"Kamati inakaa lini?"

"Ikipata viti."

"Mwalimu," bibi akaita, "miguu inaniuma mwenzio."

Navuta. Birika linafoka, samaki anasoma mwongozo kwa sauti, mimi nimekanyaga ukuta kwa mguu mmoja, navuta tu. Ubao mmoja ukang'oka, nikaanguka nao chali. Nikainuka haraka niushike wa pili.

"Acha," akasema bibi. "Mmoja unatosha. Mgongo huu umezoea kuinama."

Kilemba cha kitenge kikaanza kupita chini ya ubao uliobaki. Paka akasimama. Wakati huo huo madaftari yakaporomoka mapajani mwangu, nikaamka.

Kiganja kiliniwasha. Nilipokitazama nikaona kibanzi chembamba, chekundu, kimezama chini ya ngozi. Nikakitoa kwa sindano. Kiti changu ni cha plastiki.

Nikaokota daftari la Kemilembe, nikafungua swali la nne. Kosa langu lilikuwa limebaki mstari mmoja tu, umelala mshazari. Wa pili haukuwepo, na karatasi haikuwa imekwaruzwa popote.

Nikachukua kalamu nyekundu. Ule mstari nikauongezea mkia mfupi upande wa chini, kushoto, ukawa alama ya vema. Pembeni nikaandika: "Ni kweli. Anatazama mlangoni." Barua kwa mwalimu mkuu sijaandika.

Leo asubuhi nimemrudishia Kemilembe daftari lake. Alilisoma polepole, akalifunga, akanyoosha kidole. Swali nilikuwa sijauliza.

"Haya, Kemilembe."

Akasimama. "Madam, bibi alipoinama hakujigonga?"